Arobaini ya Merikebu

Mwezi Novemba 1663, Samuel Pepys, karani katika ofisi iliyosimamia manowari za mfalme mjini London, aliandika jambo dogo katika shajara yake. Tauni ilikuwa imeingia Amsterdam, na baraza la mfalme lilikuwa limetoa amri: merikebu zitokazo huko, au Hamburg, au bandari yoyote yenye maradhi, zikae karantini kabla ya watu wake kuruhusiwa kushuka. Amri ilitaja siku thelathini. Pepys alipenda hesabu, na Kilatini na Kifaransa alivijua vizuri, kwa hiyo akaona kasoro papo hapo. Neno lenyewe maana yake ni arobaini. Arobaini gani hii ya siku thelathini? Akajijibu mwenyewe kwamba watu wanapolitaja siku hizi hawahesabu tena. Wanakusudia jambo linalofanywa, si muda wa kulifanya.

Alilidaka neno katikati ya safari yake, likiwa limeshaiacha hesabu nyuma huku baadhi ya watu wakikumbuka bado kwamba hesabu ilikuwapo. Leo limo karibu katika kila lugha ya Ulaya. Waitaliano husema quarantena, Wafaransa quarantaine, Wahispania cuarentena, Wareno quarentena, Wajerumani Quarantäne, Wapolandi kwarantanna, Wakroatia karantena, Warusi karantin, Wagiriki karantina. Waturuki wanalo, na Waarabu wa Sham pia: mjini Beirut upo mtaa karibu na bandari uitwao Karantina, maana hapo ndipo abiria wa merikebu walipokuwa wakizuiliwa katika karne ya 19.

Mwitaliano na Mhispania bado wanaisikia namba ndani ya neno hilo, kwa sababu arobaini kwao ni quaranta na cuarenta. Mjerumani anayehesabu vierzig na Mrusi anayehesabu sorok hawasikii kitu. Wa kushangaza zaidi ni Mgiriki. Arobaini kwake ni saranda, na desturi za arobaini anazo tele: mama mzazi hupelekwa kanisani na mwanawe siku ya arobaini, na marehemu hufanyiwa ibada siku ya arobaini, mambo ambayo mtu wa Lamu au wa Moshi angeyaelewa bila mkalimani. Hata hivyo, lilipofika suala la merikebu na maradhi, hakuunda neno kutoka kwa arobaini yake mwenyewe. Alichukua la Kiitaliano jinsi lilivyo.

Mtu hukopa neno kwa yule aliyekuwa na kitu kabla yake. Ukitaka kujua kwa nini nusu ya dunia inahesabu maradhi kwa Kiitaliano, huna budi kwenda kwenye bandari za bahari ya Adriatiki, kwa wafanyabiashara waliokuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja: hofu ya kufa na hofu ya kufilisika.

Kwanza, lakini, neno lilikuwepo kabla ya tauni. Kutokana na quadraginta, arobaini ya Kilatini, Kanisa lilipata quadragesima, yaani mfungo wa kabla ya Pasaka. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanauita Kwaresima. Kwa hiyo Kiswahili kimewapokea ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja kwa mlango wa kanisa na mwingine kwa mlango wa forodha, na wanaowatumia kila mwaka mara nyingi hawajui kwamba hao ni ndugu.

Juu ya Yeriko upo mlima mkavu wa mawe ambako Wakristo huamini Yesu alifunga siku arobaini. Wapiganaji wa Msalaba walipoiteka nchi hiyo waliuita mlima huo kwa Kilatini, Mons Quarantana. Waarabu walilisikia jina, wakalizungusha kinywani mwao, na mpaka leo ni Jabal Quruntul. Huko Uingereza nako, Magna Carta ya 1215 ilimpa mjane haki ya kukaa katika nyumba ya marehemu mumewe kwa siku arobaini wakati fungu lake la mali likitengwa. Wanasheria waliuita muda huo quarantine. Huyo mjane hakuwa mgonjwa wala mshukiwa; alikuwa akilindwa asifukuzwe na warithi kabla hajapata chake. Neno hilohilo lililokuja kumfungia mtu nje ya mji lilianza, kwa Waingereza, kwa kumzuia mtu asitolewe ndani ya nyumba.

Kisha tauni ikaja. Oktoba 1347 jahazi za Wagenova zilitia nanga Messina, kisiwani Sisilia, mabaharia wake wakiwa na mitoki mikubwa kinenani na kwapani. Mwaka uliofuata tauni ilikuwa Venice, Marseille, Paris, London. Katika miaka michache theluthi moja ya watu wa Ulaya, au zaidi, walikuwa wamekufa. Haikuishia hapo. Iliondoka ikarudi, kila baada ya miaka kumi au kumi na tano, na kila iliporudi wenye mamlaka walifanya kile ambacho mtu mwenye hofu hufanya kwanza: walifunga. Mwaka 1374 Bernabò Visconti, mtawala wa Milan, aliamuru kila aliyeshikwa na tauni atolewe mjini apelekwe mashambani, akafie huko au apone huko. Miji mingine ilifunga malango. Kwa mji unaokula mazao ya mashamba yake, kufunga lango ni taabu tu. Kwa mji unaoishi kwa bandari, ni kujinyonga.

Ragusa ulikuwa mji wa namna hiyo. Leo unaitwa Dubrovnik, uko Kroatia, na watalii huujua kwa kuta zake. Katika karne ya 14 ulikuwa jamhuri ndogo chini ya ulinzi wa mfalme wa Hungaria, na jeshi la maana haukuwa nalo. Nyuma yake ni milima ya Bosnia na Serbia iliyotoa fedha, ngozi na nta. Mbele yake ni bahari. Kazi yake ilikuwa kuvichukua vya milimani na kuviuza ng'ambo, kuchukua chumvi na nguo za ng'ambo na kuzipandisha milimani. Usipopita mtu, Ragusa haina chakula.

Tarehe 27 Julai 1377 Baraza Kuu la mji huo lilipitisha sheria fupi. Anayetoka mahali penye tauni, asiingie Ragusa wala wilaya yake mpaka kwanza amekaa mwezi mmoja kwenye kisiwa cha Mrkan au katika mji wa Cavtat, ajisafishe. Mwenyeji wa Ragusa atakayekwenda kumwona huko bila ruhusa, naye atabaki hukohuko mwezi mzima. Mrkan ni kisiwa kidogo cha mawe, hakuna anayeishi. Mtu aliyeketi pale angeweza kuiona pwani aliyokatazwa kuikanyaga.

Ukiisoma sheria hiyo haraka, unaona ukali. Ukiisoma kama mfanyabiashara unaona jambo jingine kabisa, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito. Sheria haikusema mgeni asije. Ilisema aje, asubiri, kisha aingie. Visconti alikuwa akishughulika na wagonjwa. Ragusa ilishughulika na watu wazima wa afya ambao huenda wakaugua, na bidhaa zao, ikawatafutia njia ya kufika sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa kumbukumbu zilizopo Ulaya, mji kuweka kwenye sheria yake kwamba muda wenyewe unaweza kuwa kipimo: usiulize mtu kama ana tauni, mwache siku zimuulize. Waswahili wanaosema siku za mwizi ni arobaini wangewaelewa madiwani wale mara moja.

Ila siku zao zilikuwa thelathini. Muda huo uliitwa kwa Kiitaliano trentino. Katika miongo iliyofuata bandari za Italia zikaiga, na thelathini ikapanda ikawa arobaini. Hakuna hati inayotaja sababu kwa maneno ya wazi, lakini wasomi wa wakati huo walikuwa na sababu mbili mikononi mwao. Waganga waliofuata mafundisho ya Hippocrates walifundishwa kwamba maradhi makali hujitokeza ndani ya siku arobaini; yakichelewa zaidi ya hapo yanahesabiwa kuwa ya kudumu. Na kila mtu, mganga na asiye mganga, alikuwa na Kwaresima, gharika ya Nuhu ya siku arobaini, Musa mlimani siku arobaini, na mama mzazi ndani ya nyumba siku arobaini. Arobaini ilikuwa tayari ndiyo idadi ya kutakaswa. Ungemwambia baharia wa mwaka 1400 akae siku thelathini na saba, angekuuliza kwa nini. Ukimwambia arobaini, hakuulizi.

Kwa sayansi ya leo ilikuwa nyingi mno. Mwaka 1894, Hong Kong, Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha tauni, na mwaka 1898, Karachi, Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye mchukuzi. Mtu aliyeambukizwa kwa kawaida huanza kuugua ndani ya siku moja hadi saba. Siku arobaini kwa hiyo zilitosha na kubaki: mwenye ugonjwa alikuwa ama amekufa ama amepona zamani. Aliyeweza kuzishinda ni panya, ambaye hakusoma sheria na aliyeshuka kwa kamba ya nanga usiku uleule merikebu ilipofika.

Venice ndiyo iliyoifanya arobaini iwe ofisi. Mwaka 1423 Seneti yake ilitenga kisiwa katika wangwa wake, kisiwa cha Santa Maria di Nazareth, kiwe hospitali ya wenye tauni. Watu waliita Nazaretum. Lakini wagonjwa na maskini wa Ulaya walikuwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Lazaro, na majina hayo mawili yakagongana mdomoni mwa watu, likatoka lazzaretto. Nalo lilisafiri: Warusi na Wajerumani hulitumia mpaka leo kwa hospitali ya askari. Mwaka 1468 kikaongezwa kisiwa cha pili, Lazzaretto Nuovo, kwa ajili ya washukiwa na mizigo. Mgonjwa huku, anayengojwa kule. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua kisiwa cha kwanza katika karne hii walikuta mifupa ya watu zaidi ya 1,500.

Kwenye kisiwa cha pili bado limesimama ghala kubwa, Tezon Grande, lenye urefu wa zaidi ya mita 100. Humo ndimo marobota ya pamba, sufu na hariri yalipofunguliwa, yakapanguliwa, yakageuzwa siku baada ya siku ili upepo uyapitie. Kazi hiyo ilifanywa na mahamali walioitwa bastazzi, ambao nao walifungiwa pamoja na mzigo. Ngoja ni ndefu, na mtu anayengoja huandika ukutani. Kuta za Tezon Grande zimejaa maandishi yao ya rangi nyekundu, ya karne ya 16: majina, alama za wafanyabiashara, picha za merikebu, habari za chombo fulani kilichofika kutoka Cyprus au Istanbul. Wakubwa wa Venice waliandika sheria kwenye vitabu. Waliozitumikia waliandika kwenye plasta, na mara nyingi wao ndio wanaofurahisha zaidi kuwasoma.

Kulikuwa na chuo kizima cha adabu za arobaini. Barua zilitobolewa na kufukizwa moshi. Sarafu zilitumbukizwa katika siki. Mgeni aliongea na ndugu yake kwa mbali, mlinzi akiwa katikati. Na juu ya yote kulikuwa na karatasi. Kila nahodha alipoondoka bandarini alipewa hati ya afya: safi kama bandari haikuwa na maradhi, chafu kama ilikuwa nayo. Bandari aliyofikia ilisoma hati hiyo ndiyo ikaamua angoje siku ngapi. Karatasi iliyotolewa Izmir ilibidi ieleweke Malta, na ya Malta ieleweke Livorno, na ya Livorno ieleweke Marseille. Lugha ya biashara katika bahari ya Kati ilikuwa Kiitaliano, chenye chumvi ya lugha nyingine. Hivyo ndivyo neno lilivyosambaa: halikubebwa na vitabu vya tiba, lilibebwa na nahodha ambaye asingeweza kuuza mzigo wake bila kulijua. Mgiriki hakuwa na nafasi ya kulifasiri. Aliyekuwa akimzuia bandarini alilitamka hivyo.

Mtu mmoja aliamua kuionja arobaini hiyo kwa hiari. John Howard, Mwingereza aliyetumia maisha yake kukagua magereza, mwaka 1786 alikuwa Izmir akitaka kujua hali ya nyumba za karantini. Alizitembelea kadhaa, akaona kwamba mgeni anayepitishwa mchana huonyeshwa vya kuonyeshwa. Basi akatafuta kwa makusudi merikebu yenye hati chafu iendayo Venice, akapanda. Njiani walishambuliwa na maharamia wakawafukuza kwa mzinga. Venice wakamtia lazaretoni, katika chumba kisicho na meza, kiti wala kitanda, chenye wadudu na uvundo ulioganda kwenye kuta. Aliosha kwa maji ya moto, uvundo ukabaki. Mwishowe alitafuta chokaa, na huyu mzee wa miaka sitini akapaka kuta yeye mwenyewe. Harufu ikaondoka, hamu ya chakula ikarudi. Kitabu chake kuhusu lazareto za Ulaya kilitoka 1789, nacho hakina hasira nyingi kama mtu angetegemea. Kina vipimo vya vyumba, bei za vyakula, na namna walinzi wanavyohongwa. Mwanzoni mwa 1790 alifariki kwa homa huko Kherson, Ukraine, akiwa bado kazini.

Kupindisha sheria kwa namna hiyo ndiko kulikoua Marseille. Mwaka 1720 mji huo ulikuwa na nyumba ya karantini iliyosifiwa kote, na sheria kali kwenye karatasi. Tarehe 25 Mei merikebu Grand-Saint-Antoine iliwasili kutoka Sham, ikiwa na nguo na pamba za thamani kubwa. Nahodha wake, Jean-Baptiste Chataud, alikuwa amezika watu baharini: abiria mmoja, mabaharia kadhaa, hata tabibu wa chombo. Livorno walimkatalia kuingia. Kwa desturi mzigo wa chombo kama hicho ulipaswa kupelekwa kisiwa cha Jarre, mbali na mji. Lakini sehemu ya mzigo ilikuwa mali ya Jean-Baptiste Estelle, mkuu wa madiwani wa Marseille, na maonyesho ya biashara ya Beaucaire yalikuwa mwezi Julai. Ghafla sheria ikapata ulaini. Bidhaa za thamani ziliteremshwa kwenye lazareto iliyopakana na mji, na abiria waliachiwa baada ya majuma machache tu. Mahamali waliofungua marobota wakaanza kufa. Tarehe 20 Juni mwanamke mmoja alikufa katika mtaa wa Belle-Table, na midomo yake ilikuwa na kidonda cheusi.

Kufikia Septemba maiti zilikuwa zimelundikana kwenye uwanja wa La Tourette kando ya bahari, zimelala juani kwa majuma, mpaka ofisa mmoja, Roze, alipoongoza askari na wafungwa wa makasia, amewafunga vitambaa vilivyolowekwa siki puani, wakazitupa kwenye mashimo ya ngome kuukuu kwa muda usiofika saa moja. Wengi wa wafungwa hao hawakuiona wiki iliyofuata. Mji wenye watu kama 90,000 ulipoteza karibu nusu yao. Merikebu ilichomwa moto kwa amri kutoka Paris. Mabaki yake yaligunduliwa na wapiga mbizi mwaka 1978 karibu na kisiwa kilekile cha Jarre ambako mzigo wake ungepaswa kupelekwa tangu mwanzo. Chataud alifungwa gerezani. Estelle hakufungwa.

Huko Vaucluse ulijengwa ukuta wa mawe ili kuitenga nchi iliyoambukizwa. Lakini waliofika mbali zaidi katika karne hiyo ya 18 ni watawala wa Vienna. Mpaka wao na dola ya Waturuki ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na wakaugeuza mpaka wote kuwa karantini: minara ya walinzi, doria, vituo vya kungojea kama cha Zemun mbele ya Belgrade, na amri ya kumpiga risasi anayekwepa. Kwa kanuni za 1770, msafiri alingoja siku 21 kama hapakuwa na habari ya tauni, 42 kama palikuwa na tetesi, na 84 kama tauni ilikuwa imethibitika. Pepys angecheka. Arobaini ilikuwa imeshazaa nusu yake na maradufu yake, na zote tatu zikaitwa Quarantäne.

Warusi walilitumia neno hilo kwa maana pana zaidi, ya barabara na vijiji. Vuli ya 1830 kipindupindu kilipanda mto Volga, na vizuizi vya karantin vikawekwa njiani. Mshairi Aleksandr Pushkin alikuwa amekwenda kijiji cha Boldino kushughulikia shamba kabla ya kuoa. Alitarajia kukaa kama mwezi mmoja, akakaa mpaka mwishoni mwa Novemba. Mchumba alikuwa Moscow, barabara zimefungwa. Katika majuma hayo alikamilisha Eugene Onegin karibu yote, akaandika hadithi za Belkin na tamthilia fupi nne. Wahakiki wa Urusi hukiita kipindi hicho vuli ya Boldino, na wengine hukitaja kana kwamba karantini ni dawa ya uandishi. Pushkin mwenyewe alijaribu kupita vizuizi zaidi ya mara moja akarudishwa.

Kipindupindu ndicho kilicholifikisha neno mahakamani, kwa namna ya kusema. Julai 1851 mataifa 12 yalituma Paris kila moja mwanadiplomasia mmoja na daktari mmoja, wakae wakubaliane merikebu ingoje siku ngapi na kwa ugonjwa upi. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa afya, nao uliendelea miezi sita. Waingereza, wenye merikebu nyingi kuliko wote, walisema kipindupindu hakiambukizi na kungojesha meli ni hasara tupu. Nchi za kusini mwa Ulaya, ambazo meli hizo zilifikia kwanza, zilisema kinaambukiza. Madaktari kwa jumla walikuwa na maoni ya wenye meli wao. Hawakuafikiana, lakini mikutano iliendelea kuitishwa, na kutoka katika uzao wake likaja, karibu karne moja baadaye, Shirika la Afya Duniani.

Ubishi huo ulivuka bahari. Mwaka 1882 Waturuki walifungua kituo cha karantini kwenye kisiwa cha Kamaran, bahari ya Shamu, ambako mahujaji waliotoka bahari ya Hindi walishushwa, wakafukizwa nguo na kungoja kabla ya kuendelea Jeddah. Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kisiwa cha Changuu kilijengewa gereza katika miaka ya 1890 kwa mkono wa Lloyd Mathews, waziri mkuu Mwingereza wa Sultani. Gereza halikupata wafungwa, likageuzwa kituo cha kuzuia abiria kwa hofu ya homa ya manjano na maradhi mengine. Watalii wanaopelekwa huko kuona kobe huambiwa ni Kisiwa cha Wafungwa. Waliofungwa hasa ni abiria.

Bara, neno liliingia kwa mlango mwingine, nao ndio unaojulikana na watu wengi zaidi: ng'ombe. Sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe vilipoenea Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliziweka hifadhi za Wamaasai, za Wakamba na za wafugaji wa kaskazini chini ya karantini. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Lakini walowezi nao walikuwepo, na mifugo yao ya kizungu waliyoileta kwa gharama, na soko la nyama ambalo hawakutaka kushindana ndani yake na mtu mwenye ng'ombe wengi wa bei nafuu. Karantini iliyowekwa kwa ugonjwa iliendelea baada ya ugonjwa kupungua. Katika baadhi ya maeneo ilikaa miaka na miaka, ikiondolewa kwa muda na kurudishwa. Mfugaji aliyetaka kuuza alilazimika kuwapitisha ng'ombe wake usiku, na akikamatwa walitaifishwa.

Hapo madiwani wa Ragusa wasingelitambua neno lao. Walichokibuni ni mlango wenye saa: mgeni alijua siku ya kuingia tangu siku ya kufika. Kwenye hifadhi zile tangazo lilibandikwa bila tarehe ya mwisho. Hata leo, ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka wilayani na mnada ukafungwa, ofisa mifugo hutangaza kwamba karantini itaendelea mpaka itakapotangazwa vinginevyo, na mfugaji mwenye ada za shule za kulipa Januari humuuliza swali la kwanza kabisa, siku ngapi.